Kadi Zako za Mpira wa Kikapu Ziko Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuziorodhesha Kidijitali

Nimewahi kununua kadi moja ya Hasheem Thabeet mara tatu. Seti ile ile ya msimu wa 2009-10, namba ile ile, picha ile ile. Ya kwanza niliipata kwenye maonyesho ya kadi hapa Ohio ninakoishi, ya pili niliiagiza mtandaoni usiku mmoja, na ya tatu niliinunua nikiwa nimesimama mbele ya meza ya muuzaji, nikijaribu kukumbuka kama ninayo. Sikukumbuka, nikalipa dola 6. Fedha yenyewe si nyingi. Kilichoniuma ni kwamba Thabeet ndiye mchezaji ninayemkusanya kuliko wote, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009 (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya), na hata kadi zake nilikuwa sizijui.

Wiki ile nilianza kuorodhesha. Kazi ilinichukua miezi, na mara mbili ilibidi nibomoe nilichojenga na kuanza upya. Mwongozo huu ni njia niliyoifikia baada ya hapo. Mifano yangu ni ya mpira wa kikapu kwa sababu kadi ninazokusanya ni za akina Thabeet, Dikembe Mutombo wa Kinshasa, Bismack Biyombo wa Lubumbashi na Jonathan Kuminga wa Goma. Mwenye kadi za besiboli au za soka atapita hatua hizi hizi.

Jambo moja lieleweke mapema, maana ndilo linalopotosha wengi. Watu huanza kuorodhesha kadi ili wajue zina thamani gani. Wanapakua programu, wanapiga picha, namba ya dola inatokea juu ya skrini, wanafurahi. Baada ya miezi 6 bei zile zimepitwa na wakati, na bado hawajui kadi fulani iko kwenye sanduku lipi. Orodha inatakiwa ijibu kwanza maswali matatu: hii ni kadi gani hasa, iko wapi, na niliipata kwa kiasi gani. Majibu ya maswali hayo hayachakai. Bei ya soko ni swali la nne, na linaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Panga kadi kabla ya kugusa kompyuta

Tafuta meza safi, nawa mikono na uikaushe vizuri. Zitoe kadi kwenye masanduku ya viatu, mifuko na bahasha. Zitenge kwa msimu, kisha ndani ya msimu zitenge kwa seti. Usijaribu kufuta uchafu kwenye kadi kwa kitambaa wala maji. Kadi iliyosuguliwa hupoteza thamani, na macho ya mnunuzi mzoefu huiona haraka. Zile unazozijali zivishe mfuko mwembamba wa plastiki laini, kisha uzitie kwenye kasha gumu la plastiki. Kadi ya kawaida ina inchi 2.5 kwa 3.5, na mifuko na makasha ya kawaida yametengenezwa kwa vipimo hivyo. Kadi zenye kipande cha jezi huwa nene zaidi na zinahitaji kasha lake, usizisukume kwa nguvu.

Sasa amua ni kadi zipi zinastahili mstari wake peke yake kwenye orodha. Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu wanataka kuandika kila kitu. Kadi za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zilichapishwa kwa wingi kupita kiasi, na ukianza kuandika moja moja zile 600 za 1990-91 Hoops ulizopewa na jirani, hutafika mwisho. Kadi za namna hiyo ziandike kwa fungu: "Sanduku la 7, 1990-91 Hoops, kadi kama 600, hali mchanganyiko." Mstari mmoja unatosha.

Lakini usiliache fungu bila kuliandika kabisa. Ndani ya seti hiyo hiyo ya Hoops kuna kadi namba 205 ya Mark Jackson, kadi ya senti chache kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2018 watu walipogundua kwamba watazamaji wawili waliokaa nyuma yake pembeni mwa uwanja ni ndugu Menendez, waliokuja kuhukumiwa kwa kuwaua wazazi wao. Ghafla watu wakaanza kuitafuta. Aliyekuwa ameandika seti hiyo iko sanduku gani aliifikia kwa dakika 10.

Mipaka yangu mimi ni hii: kadi yoyote ya mchezaji ninayemkusanya inapata mstari wake, hata kama ni ya senti 25. Vivyo hivyo kadi yenye sahihi, kipande cha jezi au namba ya nakala, na yoyote inayouzwa zaidi ya dola 5. Nyingine zote huenda kwa fungu. Weka mipaka yako, iandike juu ya orodha, uifuate.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma nyuma ya kadi

Uso wa kadi ni wa kupendeza, lakini habari zenyewe ziko nyuma. Kadi hutambulishwa na mambo matano: msimu, seti, namba, mchezaji na aina ya toleo. Ukikosea moja, umeandika kadi nyingine.

Msimu una utata kwa sababu msimu wa NBA huanza mwaka mmoja na kuishia mwaka unaofuata, na mwaka wa hakimiliki uliochapishwa chini kwa herufi ndogo hauonyeshi pande zote mbili. Njia ninayoiamini ni kuangalia jedwali la takwimu. Mstari wa mwisho wa takwimu kwa kawaida ni wa msimu uliotangulia kadi. Ukiona takwimu zinaishia 2008-09, kadi hiyo kwa kawaida ni ya 2009-10. Mchezaji mpya huonyeshwa takwimu za chuo. Kwa Thabeet, ni zile za Chuo Kikuu cha Connecticut.

Usijaze msimu kwa kumbukumbu. Chukua mfano wa Biyombo. Alichaguliwa katika drafti ya 2011 na akaanza kucheza NBA msimu huo huo wa 2011-12. Mtu angetarajia kadi zake za msimu wa kwanza, zile zenye herufi RC, ziwe za 2011-12. Lakini mwaka ule kulikuwa na mgogoro wa wamiliki na wachezaji uliochelewesha ligi, na wachezaji wapya hawakuingizwa kwenye seti kama kawaida. Kadi za RC za darasa la 2011 zilitoka kwenye seti za 2012-13, pamoja na za darasa la 2012. Ndiyo maana kwenye 2012-13 Panini Prizm utawakuta Kyrie Irving na Anthony Davis wote wakiwa na kadi ya msimu wa kwanza, ingawa drafti zao zilipishana mwaka mzima.

Jina la seti liandike kamili. Topps ni seti moja, Topps Chrome ni nyingine kabisa. Kadi ya Stephen Curry ya msimu wake wa kwanza ni namba 321 kwenye Topps ya 2009-10, lakini kwenye Topps Chrome ya msimu huo huo ni namba 101. Aliyeandika "Curry Topps 2009" hajaandika kitu. Namba nayo inakiliwe jinsi ilivyo, pamoja na herufi na vistari kama vipo.

Aina ya toleo ndiyo inayowaliza watu. Kampuni huchapisha kadi ya kawaida, kisha huchapisha kadi ile ile kwa rangi tofauti, mng'ao tofauti au fremu tofauti, kwa idadi ndogo zaidi. Hizi huitwa paraleli. Picha ni ile ile, namba ni ile ile, na bei inaweza kutofautiana mara 10 au zaidi. Mwaka 1993 Topps walitoa zile za mng'ao wa upinde wa mvua katika seti yao ya Finest, zikaitwa Refractor, na tangu hapo paraleli zimeongezeka mpaka seti moja ya leo inaweza kuwa na rangi kadhaa.

Kuzitambua, fanya mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza tafuta namba ya nakala iliyopigwa chapa, kwa mfano 045/199, maana yake ni kadi ya 45 kati ya 199. Toleo la dhahabu la Topps ya 2009-10, kwa mfano, lilichapishwa nakala 2009 na kila moja ina namba yake. Pili, igeuze kadi uangalie nyuma karibu na namba, kwa sababu miaka mingi Topps Chrome huandika neno REFRACTOR pale, na Prizm huandika PRIZM kwenye paraleli zake. Tatu, iinamishe chini ya taa. Prizm ya fedha hutoa rangi za upinde wa mvua ikiinamishwa, ile ya kawaida hung'aa tu bila rangi. Iweke kando ya kadi nyingine ya seti hiyo hiyo unayojua ni ya kawaida, tofauti itaonekana. Mimi niliwahi kuuza Prizm ya fedha kwa bei ya kadi ya kawaida kwa sababu sikuigeuza wala kuiinamisha.

Hatua ya 3: Tengeneza lahajedwali lako

Kuna programu nyingi za simu na nitazifikia. Lakini msingi uwe faili lako mwenyewe: Google Sheets, Excel au LibreOffice Calc, yoyote unayoizoea. Sababu yangu ni ya uzoefu. Niliwahi kuingiza kadi zaidi ya 400 kwenye programu moja ya simu. Siku moja ikasimama kufanya kazi, na hapakuwa na njia ya kutoa data zangu nje. Lahajedwali unaweza kulinakili, kulihamisha na kulifungua miaka 20 ijayo.

Safu ninazotumia ni hizi, na mbili za mwanzo pamoja na zile tano za utambulisho hazikwepeki:

- Kitambulisho
- Mahali
- Msimu
- Seti
- Namba
- Mchezaji
- Paraleli (kama ni ya kawaida, andika "kawaida", usiache wazi)
- Nakala, na pembeni yake Jumla ya nakala
- RC, sahihi, jezi
- Kampuni ya gredi (iliyopima hali ya kadi na kuipa alama), gredi, namba ya cheti
- Hali ya kadi, kwa zisizo na gredi
- Tarehe niliyoipata, kutoka wapi, gharama yote
- Bei ya soko na tarehe ya bei hiyo
- Hadhi: ninayo, iko njiani, imeuzwa, natafuta
- Maelezo

Kila kadi iwe na mstari wake. Usiweke safu ya "idadi" na kuandika 3. Kadi tatu zinazofanana zina kona tofauti, zimenunuliwa kwa bei tofauti, na siku ukiuza moja hutajua ni ipi.

Kabla ya kuandika hata kadi moja, fanya hivi: chagua safu za Msimu, Namba, Nakala na Namba ya cheti, kisha uzibadilishe umbizo ziwe maandishi matupu. Hili ni dogo lakini limeharibu orodha nyingi. Ukiandika 2009-10 kwenye Excel bila kufanya hivyo, programu inadhani umeandika Oktoba 2009 na kukuwekea Oct-09. Ukigundua baadaye na kubadilisha umbizo kuwa maandishi, utaona 40087, ambayo ndiyo namba ya ndani ya tarehe 1 Oktoba 2009. Tatizo hili linakumba misimu ya 2000-01 mpaka 2011-12 tu, kwa sababu hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo 1991-92 ya Mutombo itaandikika sawasawa na utadhani mambo yote ni shwari mpaka ufike kwa Thabeet. Namba za nakala zina mtego ule ule: 12/25 inageuka kuwa siku ya Krismasi, na 1/1, kadi adimu kuliko zote, inageuka kuwa mwaka mpya. Ndiyo maana nimetenga Nakala na Jumla ziwe safu mbili. Na 045 bila umbizo la maandishi hupoteza sufuri yake ya mbele.

Jambo la pili ni majina. Ukiandika "Upper Deck" leo, "UD" kesho na "upperdeck" keshokutwa, kompyuta inaona seti tatu. Tengeneza ukurasa wa pili wenye majina ya seti na paraleli, kisha tumia uwezo wa kuthibitisha data ili safu hizo ziwe na orodha ya kuchagua badala ya kuandika kwa mkono. Inachukua nusu saa, na baada ya hapo kuchuja na kupanga kunakuwa raha.

Jambo la tatu ndilo lingeniokoa na kadi zangu tatu. Kama Msimu uko safu ya C, Seti D, Namba E na Paraleli G, kwenye safu tupu, tuseme W, andika:

=C2&"|"&D2&"|"&E2&"|"&G2

Na kwenye X andika:

=COUNTIF(W:W,W2)

Vuta fomula hizo mpaka chini. Popote X inapoonyesha 2 au zaidi, una kadi zinazofanana. Kwa walio Ulaya, kompyuta zenye mpangilio wa baadhi ya nchi za huko hutumia nukta-mkato badala ya mkato ndani ya mabano, kwa hiyo fomula ikikataa, jaribu =COUNTIF(W:W;W2).

Hatua ya 4: Unganisha mstari na kadi yenyewe

Orodha isiyokupeleka kwenye kadi haina kazi. Mpe kila kadi kitambulisho kifupi kisicho na maana yoyote: K0001, K0002, K0003. Herufi ya mbele inazuia sufuri zisipotee. Usijaribu kuingiza jina la mchezaji au mwaka ndani ya kitambulisho, maana siku ukigundua ulikosea mwaka utalazimika kubadilisha kila kitu. Kadi ikiuzwa, kitambulisho chake kinastaafu nayo, hakipewi kadi nyingine kamwe.

Andika kitambulisho hicho kwenye kibandiko kidogo na ukibandike nyuma ya kasha gumu, kwenye plastiki ya nje. Gundi isiguse kadi, na wino usiguse kadi. Kwa kadi zilizo kwenye albamu za kurasa zenye mifuko 9, sibandiki kitu, natumia anwani.

Anwani yenyewe iwe na mpangilio mmoja. Kwangu A2-14-5 ni albamu ya 2, ukurasa wa 14, mfuko wa 5, nikihesabu kutoka kushoto juu. S03-2 ni sanduku la 3, mstari wa 2. Kadi zenye gredi ziko G1. Kila sanduku na albamu vina jina lake nje kwa herufi kubwa. Na kuna sheria moja nyumbani kwangu ambayo hata watoto wanaijua: kadi haihami mpaka anwani yake ihame kwanza kwenye simu. Ukiihamisha kwanza ukidhani utaandika baadaye, hutaandika.

Hatua ya 5: Picha

Piga uso na nyuma, zote mbili. Jina la picha liwe kitambulisho: K0001-a kwa uso, K0001-b kwa nyuma. Weka zote kwenye folda moja. Huhitaji kuzipachika ndani ya lahajedwali, zitalifanya zito na la polepole.

Skana ya kawaida ya mezani kwa azimio la nukta 600 kwa inchi itakupa picha ya nukta 1500 kwa 2100, ambayo inatosha kuonyesha kona na mikwaruzo. Ila ujue kwamba skana nyembamba za bei nafuu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilichoinuka juu ya kioo, kwa hiyo kadi iliyo ndani ya kasha la gredi itatoka na ukungu. Na kadi za kung'aa hutoka nyeusi kwenye skana. Hizo zipige kwa simu, karibu na dirisha mchana, bila mwanga wa simu, ukiinamisha kidogo mpaka mng'ao uonekane.

Hatua ya 6: Programu na tovuti, na kazi ya kila moja

Trading Card Database, ambayo wakusanyaji huiita TCDB, ni tovuti ya bure iliyojengwa na wakusanyaji wenyewe. Mimi naitumia kama kamusi. Nikiwa na shaka kuhusu namba, seti au paraleli, naitafuta pale. Unaweza pia kuweka alama kwenye kadi ulizonazo na unazotafuta, na kubadilishana na wengine. Kwa mtu anayemkusanya mchezaji mmoja ni hazina, maana unaona orodha ya kadi zake zote, seti kwa seti, na unajua pengo liko wapi.

CollX na Ludex ni za simu. Unaielekeza kamera kwenye kadi, inakutambulishia. Kwa kadi za kawaida zinaokoa muda mwingi. Udhaifu upo kwenye paraleli, kwa sababu kamera inaona picha ile ile na mng'ao hubadilika kwa mwanga. Ikikuambia ni Prizm ya fedha, rudi hatua ya 2 na uigeuze kadi kwa macho yako. Kabla ya kuingiza kadi nyingi kwenye programu yoyote, jaribu kwanza na kadi 10, kisha tafuta kama kuna njia ya kutoa orodha yako kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yanayofunguka kwenye lahajedwali. Kama hakuna, itumie kutambua tu, orodha ibaki kwako.

Kwa kadi zilizopewa gredi kazi ni nyepesi. Kampuni kama PSA, Beckett na SGC huifunga kadi ndani ya kasha lenye lebo na namba ya cheti. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni husika, ulinganishe kinachotokea na kadi iliyo mkononi. Fanya hivyo kabla ya kulipa, si baada, maana makasha ya kughushi yapo. Na usiandike gredi bila jina la kampuni. Beckett na SGC hutoa 9.5, PSA haitoi: kwao baada ya 9 ni 10.

Hatua ya 7: Bei

Angalia bei iliyouziwa, si bei iliyoombwa. Mtu anaweza kuomba dola 500 kwa kadi ya dola 20 na ikakaa mwaka mzima. Kwenye eBay chuja uone vilivyouzwa tu, utapata mauzo ya takriban siku 90 zilizopita. Muuzaji akiwa amekubali bei ya mapatano, eBay mara nyingi haionyeshi kiasi halisi, na hapo tovuti ya 130point husaidia. Chukua mauzo matatu au manne ya karibuni ya kadi ile ile, paraleli ile ile, gredi ile ile. Tupa lililo juu kupita kiasi, andika la katikati, na andika tarehe. Bei bila tarehe ni uvumi.

Mimi nasasisha bei za kadi za zaidi ya dola 20 tu, mara mbili kwa mwaka. Zilizobaki naziacha.

Hatua ya 8: Nakala za akiba, bima na kodi

Weka nakala tatu za lahajedwali na picha, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Faili likiwa Google Sheets, mara moja kwa mwezi lipakue kama CSV na Excel, uliweke kwenye diski ya nje. Jina la faili libebe tarehe. Usifute la mwezi uliopita, maana kosa lililoingia wiki tatu nyuma utaligundua leo.

Kwa walio Marekani na Kanada: bima nyingi za nyumba huweka kikomo kwa vitu vya mkusanyiko, na kadi zako zinaweza kuzidi kikomo hicho bila wewe kujua. Mpigie wakala wako umuulize, umtumie orodha na picha. Baada ya moto au bomba kupasuka hakuna wa kukuamini kwa maneno. Na kwa Marekani, faida ya kadi uliyoishikilia zaidi ya mwaka mmoja inaweza kutozwa kodi ya shirikisho hadi asilimia 28, kiwango cha vitu vya mkusanyiko. Faida huhesabiwa kutoka kwenye gharama, kwa hiyo safu ya gharama iwe na bei, usafirishaji na ada ya gredi, na risiti zihifadhiwe kwenye folda kwa kitambulisho cha kadi.

Mwambie pia mtu mmoja nyumbani orodha iko wapi na inafunguliwaje. Mke wangu anaijua, na anajua kadi zipi zisiuzwe kwa fungu.

Hatua ya 9: Kununua, kuuza, kubadilishana

Kadi ikinunuliwa mtandaoni, iandike siku hiyo hiyo na hadhi ya "iko njiani". Ikifika, ilinganishe na picha za muuzaji, ipige picha zako, ipe anwani. Ikiuzwa, usifute mstari. Badilisha hadhi, andika tarehe, kiasi ulichopokea baada ya ada, na uondoe anwani. Ukibadilishana, andika kadi uliyotoa kama imeuzwa na uliyopokea kama mpya, na kwenye maelezo taja vitambulisho vya pande zote mbili.

Unazotafuta ziwe kwenye lahajedwali lile lile kwa hadhi ya "natafuta", na pembeni bei ya juu uliyo tayari kulipa. Iamue bei hiyo ukiwa nyumbani umetulia, kabla muuzaji hajakuwekea kadi mkononi. Kwangu sasa kuna mistari 11 ya Thabeet yenye hadhi hiyo, na mitano ya Kuminga.

Asubuhi ya kwenda kwenye maonyesho, fungua lahajedwali kwenye simu na uliwashe lipatikane bila mtandao, kwa sababu kumbi nyingi zina watu maelfu na mtandao unakwama. Hakikisha linafunguka simu ikiwa haina mtandao kabisa. Kisha chuja safu ya mchezaji, uondoke nyumbani likiwa tayari kwenye jina unalolitafuta.